Jinsi ya Kumpendekeza Mtu Apewe Nishani ya Utumishi ya Ujerumani: Mwongozo Kamili

Barua ya kumpendekeza mtu apewe nishani hunifikia ikiwa na kurasa tatu, picha sita na sahihi za watu ishirini, pamoja na swali: "Mbona hawajibu?" Au maofisa wa Ujerumani wamejibu kwa mistari minne ya heshima, wakiomba maelezo ambayo mwandishi alidhani ameshayatoa. Nikiisoma, kosa ni lilelile. Barua inasema mama huyu ni mtu wa watu, mkarimu, mcha Mungu, mlezi wa wasio na mlezi. Haisemi alifanya nini, wapi, tangu lini.

Nishani ninayoizungumzia ni Verdienstorden der Bundesrepublik Deutschland, ile ambayo mitaani huitwa Bundesverdienstkreuz. Hutolewa na Rais wa Shirikisho tangu mwaka 1951. Historia yake naiacha, isipokuwa jambo moja kwa wale wanaodhani nishani hii ni ya wakubwa tu. Aliyekuwa wa kwanza kuipokea, Septemba 1951, alikuwa mchimbaji wa mgodi wa shaba, Franz Brandl, aliyehatarisha maisha yake kuwaokoa wenzake wawili waliofukiwa.

Mwongozo huu ni kwa Waswahili walioko Ujerumani wanaotaka kumpendekeza mwenzao, na pia kwa walioko nyumbani wanaomfahamu Mjerumani au mtu mwingine ambaye kazi yake imezinufaisha pande zote mbili.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kuandika barua kabla ya kuwa na hivi mezani:

- Jina kamili la mhusika kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia, kazi yake na anwani anayoishi sasa.
- Orodha ya shughuli zake za kujitolea, kila moja na mwaka ilipoanza na, kama imekwisha, mwaka ilipoisha.
- Majina, simu na anwani za watu wawili au watatu walioiona kazi hiyo kwa macho yao, na waliokubali kuulizwa.
- Ushahidi wa maandishi: ripoti za mwaka za chama, kumbukumbu za mikutano, vipande vya magazeti, barua za shukrani kutoka shule au manispaa.
- Tuzo alizokwishapata, hata ndogo za mtaa.
- Mtu mmoja anayeandika Kijerumani kizuri na anayejua kutunza siri.
- Daftari moja kwa ajili ya kazi hii tu.

Pesa haihitajiki. Hakuna ada ya kupendekeza, na nishani yenyewe haina zawadi ya fedha. Mtu akikuomba chochote "cha kusukuma faili", achana naye.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtu wako anaweza kufikiriwa

Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Awe hai, kwa sababu nishani hii haitolewi kwa marehemu. Uraia si kikwazo: Mtanzania, Mkenya au Mkongo anaweza kuipata sawa na Mjerumani.

Kinachotazamwa ni mchango kwa jamii katika siasa, uchumi, utamaduni, elimu au kazi za kujitolea, mchango unaovuka wajibu wa kawaida. Hapo ndipo wengi huteleza. Daktari aliyetibu vizuri kwa miaka thelathini amefanya kazi yake, na amelipwa. Daktari yuleyule, kama kila Jumatano jioni amekuwa akiwatibu bure watu wasio na bima, ana jambo la kuandikiwa barua.

Msaada wa siku moja hautoshi, hata ukiwa mkubwa. Mtu aliyeokoa maisha ya mwenzake kwa tendo moja la ujasiri, siku hizi njia yake ni medali ya uokoaji inayotolewa na majimbo, Rettungsmedaille. Uliza hiyo.

Neno kwa wanaosita kwa sababu anayestahili ni mwanamke asiye na cheo chochote: Rais Steinmeier ameweka lengo kwamba angalau asilimia 40 ya wanaopendekezwa wawe wanawake. Akina mama wanaoshikilia jumuiya zetu huku wanaume wakishika vyeo vya uenyekiti ndio wanaosahaulika zaidi. Anzeni na hao.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kutaja tabia yake: "Amefanya jambo hili, kwa watu hawa, tangu mwaka huu, bila malipo." Sentensi hiyo ikikushinda, usiendelee bado.

## Hatua ya 2: Funga mdomo

Mhusika asijue. Ofisi zinazopokea mapendekezo huomba hivyo, na sababu yake ni ya kibinadamu: hakuna mwenye haki ya kudai nishani hii, na mapendekezo mengine hukataliwa. Mtu ambaye hakuwahi kuomba chochote utakuwa umemfanya aketi mwaka mzima akisubiri, kisha aambiwe hapana. Huo ni ukatili, hata kama nia ilikuwa njema.

Kwa Waswahili hatua hii ni ngumu kuliko zote. Jambo jema tunapenda kulitangaza kabla halijaiva. Kwa hiyo usiliweke kwenye kundi la WhatsApp, usikusanye sahihi msikitini au kanisani, usimwambie mwenyekiti kama mwenyekiti ana mdomo. Ukiacha mashahidi wa Hatua ya 5, watu watatu wanatosha: wewe, mwandishi wa Kijerumani, na mtu mmoja wa nyumbani kwake anayeweza kukupa tarehe ya kuzaliwa.

Zile sahihi ishirini, kwa taarifa yako, hazikuongeza kitu. Barua ya mtu mmoja yenye ukweli unaoweza kuhakikiwa ina uzito kuliko sahihi za ukumbi mzima.

## Hatua ya 3: Kusanya miaka

Hatua hii huchukua wiki, na ndiyo itakayoibeba barua yako.

Nitasema lililonipata. Barua yangu ya kwanza ilimhusu mzee aliyekuwa akiwatafsiria wagonjwa hospitalini, usiku na mchana, bila senti. Niliandika kwamba amefanya hivyo "tangu zamani". Jibu likaja: tangu lini? Nikadhani ni swali dogo. Nilizunguka miezi mitano, kila niliyemuuliza akinitajia mwaka tofauti, mpaka mjane wa katibu wa kwanza wa chama akatoa daftari la mikutano kabatini. Mwaka ulikuwemo, umeandikwa kwa kalamu ya wino. Niliutuma. Mzee alifariki kabla faili halijakamilika, na kwa marehemu hakuna nishani. Miezi ile mitano bado inaniuma, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Basi fanya hivi. Chora mstari kwenye daftari na uweke miaka, kuanzia alipoanza hadi leo. Kisha tafuta ushahidi wa kila mwaka katika sehemu hizi, kwa mpangilio huu:

1. Kumbukumbu za mikutano na ripoti za mwaka za chama. Kama chama kimesajiliwa kama Verein, mabadiliko ya viongozi wake yamo kwenye daftari la usajili la mahakama.
2. Gazeti la mtaa. Magazeti madogo ya Ujerumani huandika habari za vyama, na mengi yana hifadhi ya matoleo ya zamani.
3. Picha zenye tarehe nyuma, mialiko, vipeperushi vya sherehe.
4. Watu. Waulize kwa kisingizio cha kuandika historia ya chama, jambo ambalo kwa kweli ni jema kulifanya.

Ukiuliza watu, usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Uliza "mtoto wako alikuwa darasa la ngapi?" au "ilikuwa kabla ya kuhamia ukumbi mpya?" Watu wetu hukumbuka kwa matukio, si kwa kalenda.

Onyo: usijaze pengo kwa kubahatisha. Ofisi itahakiki, na mwaka mmoja wa uongo ukigundulika, hata ile iliyo kweli itatiliwa shaka. Kama huna uhakika, andika "si baadaye ya 2008" au "takriban 2008". Inakubalika.

Utajua umefaulu mstari wako ukiwa na angalau chanzo kimoja kwa kila shughuli kubwa, na ukiona mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza, ukubwa wa alichokifanya mtu huyu.

## Hatua ya 4: Andika barua

Kurasa mbili zinatosha. Barua inaweza kuwa ya kawaida tu, ingawa baadhi ya majimbo yana fomu kwenye tovuti zao, ikiwepo, itumie. Kichwa cha barua kiwe: *Anregung zur Verleihung des Verdienstordens der Bundesrepublik Deutschland*.

Neno *Anregung* ni muhimu. Wewe raia unatoa wazo. Pendekezo rasmi, *Vorschlag*, hutolewa na wenye mamlaka hayo: mawaziri wakuu wa majimbo, au Waziri wa Mambo ya Nje kwa raia wa kigeni na Wajerumani wanaoishi nje. Ukiandika kana kwamba unaomba haki au unatoa agizo, umekosea mlango.

Aya ya kwanza: mhusika ni nani, kwa data kamili. Aya ya pili: sentensi yako moja ya Hatua ya 1. Baada ya hapo, kila shughuli na aya yake, ukijibu maswali matatu. Kabla yake kulikuwa na nini? Yeye alifanya nini hasa? Leo kuna nini ambacho kisingekuwepo?

Tuchukue mfano wa kubuni, mama muuguzi. Aya dhaifu, ya aina ninayoiona kila mara:

> Mama huyu amewasaidia vijana wengi sana bila kuchoka. Ni nguzo ya jumuiya yetu na kila mtu anampenda.

Aya yenye nguvu:

> Tangu Septemba 2009 anaendesha darasa la masomo ya ziada kila Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, katika ukumbi wa parokia. Kabla ya hapo mtaa haukuwa na huduma hiyo. Kila msimu hufundisha watoto kati ya kumi na wawili na ishirini, wengi wao wakiwa wamefika Ujerumani bila kujua Kijerumani. Hapokei malipo. Mwaka 2015, familia za wakimbizi zilipoongezeka, aliongeza darasa la Jumatano jioni kwa akina mama, na darasa hilo lipo hadi leo. Kazi yake ya ajira ni uuguzi wa zamu za usiku.

Hakuna neno la sifa hata moja katika aya ya pili, lakini msomaji anamwona mama akitoka zamu asubuhi na kwenda kufundisha. Zaidi ya hayo, afisa anaweza kuinua simu na kuiuliza parokia.

### Pale Kiswahili kinapoponza

Usiandike kwa Kiswahili kichwani kisha ukaacha mashine itafsiri. Mambo manne huharibika.

Kwanza, jina. Sisi tunamjua kama Mama Fulani; serikali haimjui. Afisa akitafuta jina lisilo la kwenye pasipoti, atajibiwa kwamba mtu huyo hayupo. Andika jina rasmi, kisha mara moja tu useme anajulikana pia kwa jina gani.

Pili, maneno ya undugu. "Watoto wake" kwetu ni wanafunzi wake. Kwa Mjerumani ni aliowazaa. "Ndugu yetu" atadhani ni ndugu wa damu, na atajiuliza kama unampendekeza jamaa yako kwa upendeleo. Kama kweli ni jamaa yako, sema wazi.

Tatu, vyeo. Mwenyekiti wa chama ni *Vorsitzende* au *Vorsitzender*, katibu wa kuandika kumbukumbu ni *Schriftführer*, mweka hazina ni *Kassenwart* au *Schatzmeister*. Ukitumia maneno yaliyozoeleka, afisa anaelewa mara moja uzito wa majukumu.

Nne, sifa zilizopandiana. Kwetu kurudia sifa ni adabu. Kwenye barua hii kila sifa isiyo na tendo nyuma yake hufanya tendo linalofuata lionekane dogo.

Onyo: usitaje daraja la nishani unalotaka. Yapo manane, kuanzia medali, Verdienstmedaille, hadi daraja maalumu la msalaba mkuu ambalo hutolewa kwa wakuu wa nchi. Anayepewa kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na medali au na msalaba wenye utepe, Verdienstkreuz am Bande. Kupanga daraja si kazi yako.

Utajua umefaulu ukimpa barua Mjerumani asiyemjua mhusika, asome mara moja, kisha akusimulie bila kuitazama. Akisimulia matendo, iko tayari. Akisema "inaonekana ni mtu mwema sana", irudie.

## Hatua ya 5: Chagua mashahidi

Wawili au watatu, kutoka pande tofauti. Mmoja aliyenufaika, mmoja aliyefanya naye kazi, na mmoja wa nje ya jumuiya yetu: mwalimu mkuu, padri, diwani, afisa wa ustawi wa jamii. Huyu wa tatu ana uzito wa pekee kwa sababu hana sababu ya kutupendelea.

Mpigie kila mmoja kabla ya kuandika jina lake. Mweleze kwamba anaweza kuulizwa, na kwamba ni siri. Shahidi anayeshtuliwa na simu ya serikali hujibu kwa woga.

## Hatua ya 6: Tuma mahali sahihi

Kanuni ni mahali anapoishi mhusika, si unapoishi wewe.

Anayeishi Ujerumani: barua iende kwa ofisi ya waziri mkuu wa jimbo lake. Katika majimbo mengi huitwa Staatskanzlei. Berlin, Hamburg na Bremen ni Senatskanzlei. Baden-Württemberg ni Staatsministerium. Kama ni raia wa kigeni, anzia hapohapo, ingawa pendekezo rasmi ni la Waziri wa Mambo ya Nje.

Anayeishi nje ya Ujerumani: barua iende kwa ubalozi wa Ujerumani katika nchi anayoishi, kwa mfano Dar es Salaam au Nairobi, au kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Auswärtiges Amt, mjini Berlin.

Ambatisha nakala tu, kamwe si hati halisi. Lile daftari la mikutano la mwaka 1980 na kitu ni moja duniani. Liweke nyumbani.

Utajua umefaulu ukipata barua ya kuthibitisha kupokelewa. Isipofika kwa wiki sita, andika mistari miwili kuulizia.

## Hatua ya 7: Subiri, na ujue wanafanya nini

Hesabu miezi mingi. Hata mwaka au zaidi si ajabu. Watu hudhani faili limetupwa. Hapana. Ofisi ya jimbo huuliza manispaa, huuliza wizara zinazohusika, huwasiliana na mashahidi, na huangalia kama mhusika ana rekodi ya makosa ya jinai. Ikiridhika, waziri mkuu wa jimbo hupeleka pendekezo rasmi kwa Ordenskanzlei, kitengo cha nishani katika Ofisi ya Rais mjini Berlin. Huko linapimwa tena, na Rais ndiye anayeamua.

Mambo matatu uyatoe taarifa wakati wa kusubiri: mhusika akihama jimbo, akipata tuzo nyingine, au akifariki. Kama anaugua sana, liseme hilo tangu barua ya kwanza, kwa sentensi moja bila kusihi. Laiti ningelijua hilo wakati wa mzee wangu.

Usipige simu kila wiki. Baada ya miezi sita, swali moja la upole linatosha.

## Hatua ya 8: Jibu likija

Likiwa hapana, huenda usielezwe sababu, na huna pa kukata rufaa. Usimwambie mhusika. Endelea kuandika kwenye daftari, kwa sababu kazi yake ikiendelea na kukua, barua mpya yenye mambo mapya inaweza kupelekwa baada ya miaka kadhaa. Wakati huohuo angalia tuzo za jimbo na za mji, ambazo hupimwa kwa vigezo vyake zenyewe.

Likiwa ndiyo, mhusika ataarifiwa na ofisi yenyewe. Anaweza kukataa, na wapo waliokataa: Helmut Schmidt, chansela wa zamani, hakuipokea, akishika desturi ya wazee wa Hamburg ya kutopokea nishani. Anayekubali huvishwa na waziri mkuu wa jimbo, waziri, au meya wa mji wake. Wachache huitwa kwa Rais mwenyewe mjini Berlin, hasa karibu na Siku ya Umoja wa Ujerumani, 3 Oktoba, na Siku ya Kujitolea, 5 Desemba. Aliye nje ya nchi hukabidhiwa kwa kawaida na balozi.

Uliza mapema idadi ya wageni wanaoruhusiwa. Ukumbi huwa na nafasi chache, na familia zetu ni kubwa. Afadhali mgawane viti wiki mbili kabla kuliko kugombana mlangoni. Mavazi ya kwetu yanafaa kabisa. Kanzu na koti, kitenge, buibui la heshima, vyote ni mavazi ya sherehe.

Atapewa hati yenye sahihi ya Rais na nishani ndani ya kisanduku. Vihifadhini pamoja, kwa sababu nishani bila hati yake, baada ya kizazi kimoja, hakuna atakayeweza kuthibitisha ilikuwa ya nani. Ni mali yake, na akifariki warithi hubaki nayo bila kuirudisha. Wanaruhusiwa kuitunza na kuionyesha wajukuu. Kuivaa hawaruhusiwi, ni kosa kisheria kuvaa nishani ambayo hukupewa wewe.